Somo la Pili la Salamu

Jumatatu, 26 Februari

Leo nimekabidhiwa ofisi. Naiita ofisi kwa sababu Bosi kaiita hivyo. Mimi naijua tangu ilipokuwa stoo ya magodoro, maana miaka kumi na tisa nilikuwa matroni wa bweni la wasichana na magodoro hayo nimeyabeba kwa mikono yangu hii. Wamepaka rangi nyeupe, wameweka meza, viti viwili, na kibao mlangoni: MLEZI WA WANAFUNZI WA KIGENI. Harufu ya magodoro haijatoka.

Wageni muhula huu ni kumi na mmoja. Bosi, ambaye kiumri ningeweza kumzaa, kanieleza kazi kwa dakika tano huku macho yake yako kwenye simu. Kila Ijumaa nijaze fomu. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina visanduku vitatu: hali nzuri, hali ya wastani, hali mbaya. Weka tiki, tia saini, peleka juu.

"Na maelezo niandike wapi?" nikamwuliza.

"Mama, maelezo hayasomwi na mtu. Weka tiki."

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Yasiyoingia kwenye visanduku yatakuja hapa. Tena nyumbani jioni ni ndefu. Tangu Mzee, mume wangu, afariki, miaka miwili sasa, nikishaosha sahani moja na kikombe kimoja sina tena la kufanya.


Jumatano, 28 Februari

Wageni wamefika. Mmoja, binti wa miaka kumi na tisa hivi, kashuka garini saa nane mchana, jua la kukaanga, na kiunoni kafunga sweta ya sufu, ya njano, nzito kama blanketi. Mlinzi wa getini akasema, "Huyu kaja kutuuzia barafu?" Basi jina likamganda: Sweta. Jina lake halisi nililijaribu mara tatu, ulimi ukakataa. Akacheka, kicheko chake cha kwanza hapa, akasema, "Sweta, sawa."

Lugha yetu kajifunza kitabuni, miezi sita kabla ya kuja. Anaitamka taratibu, kila neno peke yake. Anakuja kusoma ufamasia. Nikamwuliza habari ya lile vazi.

"Mama yangu amefuma. Kwetu baridi. Mama anafikiri dunia yote baridi."


Ijumaa, 1 Machi

Nimepewa saa moja niwafundishe wageni jinsi ya kuishi na sisi. Sijawahi kusimama mbele ya ubao. Nilivaa viatu vya harusini.

Nikaanza na salamu, maana usipojua kusalimia hapa wewe si mtu. Nikawaambia: mtaulizwa habari za asubuhi, habari za kazi, habari za nyumbani, habari za tangu jana, na mtachoka, lakini jibu la zote ni moja. Nzuri. "Hata kama nyumba inaungua," nikasema, "mtu akikuuliza habari, kwanza ni nzuri." Wakacheka sana, na mimi nikanogewa, nikairudia kwa mikono, nyumba inawaka huku na mimi nasema nzuri, nzuri.

Sweta hakucheka. Alikuwa anaandika. Akanyoosha mkono. "Mama, na kama nyumba inaungua kweli? Unasema saa ngapi?"

Hapo nilicheka mpaka sina mbavu. Kumbe swali lilikuwa zuri, na jibu lake kila mtoto wa hapa analijua bila kufundishwa: unajibu nzuri, unavuta pumzi, halafu unasema *ila*. Nzuri, ila mtoto kalazwa. Nzuri, ila tumefiwa. Mwenzako anangoja hiyo ila, hang'oi mguu. Lakini muda ulikuwa umekwisha, mhadhiri wa saa tano keshasimama mlangoni na chaki mkononi.

"Hilo ni somo la pili," nikamwambia. "Ijumaa ijayo."

Akaliandika na hilo.


Jumatatu, 4 Machi

Nimekutana na Sweta kwenye ngazi.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama. Za kwako?"

"Nzuri."

Safi kabisa, kama kazaliwa mtaa wa pili. Nimefurahi siku nzima.


Ijumaa, 8 Machi

Somo la pili halikufanyika. Ukumbi umechukuliwa na kikao cha wakuu wa idara. Wiki ijayo. Fomu: kumi na moja nzuri.


Jumanne, 12 Machi

Joto. Feni ya ofisi imekata roho. "Habari za nyumbani?" "Nzuri."


Ijumaa, 15 Machi

Siku mbaya. Asubuhi nzima vibali vya ukaazi: vijana wawili picha zao zimekataliwa, na Bosi yuko kwenye simu ananihimiza. Sweta kaja mlangoni saa nne, kashika simu yake kwa mikono miwili. Nikamwuliza habari, akasema nzuri. Nikamwambia, "Kama ni nzuri basi njoo Jumatatu, mwanangu, leo nimebanwa mpaka kooni." Akasema asante, akaenda zake.

Somo la pili tena hakuna. Vyumba vyote vina majaribio. Fomu: kumi na moja nzuri.


Jumatatu, 18 Machi

Leo tumecheka! Sweta kavaa sweta. Kwa joto hili! Kaifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, jua limekukosea nini?" Mlinzi naye kutoka getini: "Barafu imerudi!" Mwenyewe akatabasamu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri sana, mama."

Hiyo *sana* kaiongeza mwenyewe, mimi sikumfundisha. Huyu mtoto mwisho wa mwaka atatufundisha sisi kusema.


Jumanne, 19 Machi

Sweta na sweta tena. Mlinzi anasema anataka kuiva.


Ijumaa, 22 Machi

Bosi kashuka mwenyewe ofisini. Anasema idara nyingine zina wastani na mbaya kila wiki, sisi peke yetu ni nzuri tupu. Ofisi ya mfano, kasema, na katamka mbele ya watu. Nimejinunulia soda, nikainywa kwa mrija kama bibi harusi.

Kuhusu somo la pili sijamkumbusha mtu. Naona wanajibu vizuri tu.


Jumanne, 26 Machi

Mvua imeanza. Dari inavuja juu ya meza, nimetega ndoo. Harufu ya magodoro imerudi yote. Zamani mvua ikianza, Mzee ndiye aliyekuwa akipanga mabeseni nyumbani, kila beseni na mahali pake, na mimi namcheka kwamba anapanga kama kiwanja cha mpira. Sasa napanga mwenyewe na sijui mahali pake.


Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. "Nzuri." Sweta kapungua, nguo imekuwa kubwa kuliko mtu. Nikamtania kwamba mama yake alifuma kwa makadirio. Akashika mkono wa sweta, akauvuta mpaka kwenye vidole, akapita.


Jumatano, 10 Aprili

Siku ya sita ya mvua mfululizo. Sweta sijamwona tangu wiki iliyopita. Mlinzi anasema labda kazama kwenye vitabu, wafamasia ndivyo walivyo. Nikaridhika. Mmoja wa wageni wangu ana homa, nimeshinda naye zahanati.


Ijumaa, 12 Aprili

Fomu. Sweta sikumwona wiki nzima, lakini jibu lake la mwisho lilikuwa nzuri. Nimetia tiki.


Jumanne, 16 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Saa tatu kaingia msichana anayelala chumba kimoja na Sweta. Ni mwenyeji, na wenzake wanamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Leo alikuwa kalowa chapachapa na kanyamaza.

"Habari za kazi, Mama Mlezi?"

"Nzuri. Za masomo?"

"Nzuri, ila yule mwenzangu..." Akakaa bila kukaribishwa.

"Ila nini?"

"Ila mama yake amefariki. Mwezi unakwisha sasa. Kaniambia jana."

Redio akafungulia, maneno yakamtoka na kamasi pamoja. Kwamba alidhani ni kukumbuka kwao tu. Kwamba mwenzake hali, haendi darasani, amekaa kitandani anatazama mvua. Kwamba jana yeye Redio alimkaripia, sweta inanuka, ivue nikufulie, mbona unatutesa. Na Sweta akaishikilia kwa mikono yote miwili, akasema hapana, harufu ya mama itatoka. Ndipo ilipojulikana.

"Nilimkaripia, mama," akasema Redio. "Mimi nilimkaripia."

Nikamwambia wewe ulimkaripia ukajua. Mimi nilicheka.

Bweni lile nalijua. Ngazi arobaini na mbili, nimezipanda miaka kumi na tisa, leo nilipumzika mara tatu. Nilimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kavaa, kafunga viatu, daftari magotini, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mdomo wangu ukaanza wenyewe, "Habari za..." nikaufunga kwa kiganja.

"Pole, mwanangu."

Nikauliza swali ambalo sasa najilaumu hata kulifikiria. "Kwa nini hukuniambia?"

Kafungua daftari ukurasa wa kwanza, kanigeuzia nisome. Mwandiko wa kitoto, umenyooka. *Habari za asubuhi: nzuri. Habari za kazi: nzuri. Habari za nyumbani: nzuri. Nyumba inaungua: nzuri.* Chini yake: *Somo la pili.* Kapigia mstari. Na chini ya mstari, ukurasa mtupu.

"Nilikuwa nangoja somo la pili, mama."

Nilikaa kwenye kitanda cha Redio. Akanieleza, taratibu, kila neno peke yake. Ile Ijumaa kaka yake alimpigia, mama kalazwa. Akaja ofisini. Jumatatu alfajiri akampigia tena. Wakamzika kesho yake, na safari ni ya siku mbili, kwa hiyo hakukuwa na cha kuwahi.

"Ulisema kama ni nzuri nije Jumatatu. Nilikuja Jumatatu. Ulikuwa unacheka. Kwetu mtu hasemi huzuni mpaka aulizwe, na mtu akiuliza anakaa chini. Hapa mnauliza mmesimama. Nikafikiri, hapa watu wote wana huzuni na wote wanasema nzuri. Wana nguvu. Mimi sina nguvu, lakini nitajifunza."

Nikamkumbatia. Sweta ilinuka jasho na mvua, na ndani kabisa moshi wa kuni za nyumba ambayo sijawahi kuiona. Hakulia. Mimi nililia nikiwa nashuka, nimekaa kwenye ngazi, na wasichana wanapita pembeni yangu wanasema, "Habari, Mama Matroni?"


Jumatano, 17 Aprili

Nimesoma daftari hili kuanzia mwanzo. Tarehe 18 Machi nimeisoma mara nne. *Leo tumecheka. Hiyo sana kaiongeza mwenyewe.* Mama yake alikuwa hajamaliza saa sita tangu akate roho.

Nilitaka kuuchana ukurasa. Nimeuacha. Ukichanwa nitajisamehe mapema mno.


Jumatatu, 22 Aprili

Barua kutoka kitivo. Sweta amekosa majaribio matatu na mihadhara ya wiki tatu. Kwa kanuni za chuo, mwanafunzi wa kigeni akikosa majaribio matatu bila sababu iliyoripotiwa anafutwa, na kibali chake kinafutwa pamoja naye. Kamati itakaa Ijumaa, 3 Mei.

Sababu iliyoripotiwa. Wa kuripoti ni mimi. Nilichoripoti kiko juu, kimetiwa saini yangu kila Ijumaa: nzuri, nzuri, nzuri. Akisema alifiwa, watamtolea fomu zangu.


Jumanne, 23 Aprili

Nimepanda juu kwa Bosi. Nikamwambia kwenye kamati nitasema fomu zangu hazina maana.

Akafunga mlango. "Mama, ukisema hivyo kuhusu mmoja, nani ataamini wale kumi?"

"Hata mimi siwaamini. Nao niliwauliza hivyohivyo, mguu mmoja ngazini."

"Hiyo ofisi itafungwa. Mimi nimeiombea huko juu kwa fomu hizohizo."

"Ilikuwa stoo, itarudi kuwa stoo."

Akajifuta uso. Si mtu mbaya, ana watoto wawili wadogo na mkataba kama wangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Sema alificha. Si uongo, Mama, kweli alificha. Kamati ikimwonea huruma, vizuri. Isipomwonea, wewe umebaki na kazi yako na wageni kumi wamebaki na mlezi."

Nimeshuka na maneno hayo. Yameniingia, sitajidanganya. Kazi hii ndiyo inayonitoa ndani ya nyumba ile asubuhi.


Alhamisi, 25 Aprili

Nimewazungukia wageni wote kumi, mmoja mmoja, chumbani kwake. Nimekaa chini kwanza. Nimeuliza mara mbili. Mara ya kwanza wote wamesema nzuri. Mara ya pili wanne wamelia. Mmoja ana wiki mbili hajazungumza na mtu ila mwenye duka, na mwenye duka anamwuliza tu anataka nini. Mwingine, kijana mrefu mcheshi, kumbe kila siku anakula chooni ili asionekane anakula peke yake.

Wote wako juu kwa Bosi, tiki, tiki, tiki.


Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Nimefua. Hakuna kilichokauka.


Ijumaa, 3 Mei

Kamati ni watu watano kwenye meza ndefu. Mwenyekiti ni mama profesa, miwani usoni, kamba yake shingoni. Bosi kakaa pembeni kama mwalikwa. Sweta wamemweka kwenye kiti cha peke yake, kajifunga vifungo vyote. Mvua inapiga bati mpaka watu wanapaza sauti.

Mwenyekiti, kwa wema kabisa, akamgeukia. "Habari yako, binti?"

Sweta akanitazama mimi. Kisha akamtazama yeye. "Nzuri."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja, bwana mwenye tai, akasukuma fomu zangu mbele. "Mwenyewe anasema ni nzuri, na mlezi wake wiki zote anasema ni nzuri. Huu msiba umetokea lini hasa? Baada ya kupata barua yetu?"

Nilikuwa na maneno ya Bosi tayari mdomoni. Alificha. Neno moja tu. Nikamwona yule mtoto anauvuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole.

Nikasimama. Nikasema fomu hizo zina saini yangu na hazina mtu ndani yake. Nikatoa daftari hili na kuwasomea, kwa sauti, juu ya mvua. Tarehe 1 Machi, nyumba inaungua, na mimi nanogewa. Tarehe 15, kama ni nzuri njoo Jumatatu. Tarehe 18, leo tumecheka. Hapo sauti ilinikatika, mama profesa akangoja, nikaanza upya. Tarehe 12 Aprili, sikumwona, nimetia tiki.

Bwana wa tai akasema, "Kwa hiyo umekuwa ukituletea uongo?"

"Hapana. Nilimwuliza, akanijibu. Sikuuliza mara ya pili."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na furaha kwamba anajibu vizuri."

Bosi alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akavua miwani. Akamgeukia tena Sweta, akaegemea meza, akasema polepole, "Nzuri, binti. Ila?"

Mtoto hakuelewa. Akanitazama. Nikamwambia palepale, mbele ya kamati, nimesimama na daftari mkononi: "Hili ndilo somo la pili, mwanangu. Sema nzuri, halafu sema *ila*, halafu sema lililo moyoni."

Mvua ikasema peke yake.

"Nzuri," akasema. "Ila mama yangu amekufa."

"Pole," wakasema wote. Kwa pamoja, bila kupangana, hata bwana wa tai, hata karani anayeandika. Ilitoka tu. Sweta akashtuka, kama mtu aliyebisha hodi akidhani ndani hamna watu. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza, na mama profesa akaagiza kikao kisimame.


Jumanne, 7 Mei

Uamuzi. Hafutwi. Lakini muhula huu hauhesabiwi, aanze upya Februari ijayo. Na kwa kuwa hasomi, kibali kinakwisha mwisho wa mwezi, lazima aondoke. Anarudi kwenye nyumba isiyo na mama, ambaye hata kaburi lake hajaliona.

Nilidhani nitafurahi. Nimekaa na barua mkononi, ndoo inajaa tone kwa tone.

Ya kwangu kaileta Bosi mwenyewe. Muhula ukiisha narudi bwenini, na kazi ya ulezi atapewa mwenye cheti cha ushauri nasaha. Akasema, "Samahani, Mama." Nikamwambia huyo mwenye cheti mpe kiti cha ziada, awakalishe watu.


Ijumaa, 17 Mei

Somo la pili, wiki kumi baada ya siku yake. Wamekuja wote kumi na mmoja, ofisini, wamebanana kama magodoro. Tumefanya mazoezi ya *ila*. Kijana mrefu akaanza, "Nzuri, ila chakula cha bwenini!" tukacheka. Halafu akasema nyingine, ile ya chooni, na hakuna aliyecheka. Kesho wanakula naye, wamekubaliana wenyewe.

Sweta alikaa nyuma. Aliujaza ukurasa wake mtupu mpaka chini.


Jumatano, 22 Mei

Jua kidogo. Redio kaninong'oneza kwamba mwenzake sasa anakula, anaongea, na analia kila siku kama saa moja hivi. Nikasema vizuri.


Ijumaa, 24 Mei

Kaondoka leo mchana. Mvua imekatika, upepo una ubaridi, na kwa mara ya kwanza tangu aje sweta ilikuwa vazi la maana. Mlinzi alimbebea sanduku mpaka garini na hakusema neno la barafu. Redio kashindwa kuja getini, alikuwa analia ghorofani, tunamsikia.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu jana nilikuwa napanga nitamwuliza vipi, nisimwulize habari, nimwulize kitu cha kweli. Lakini yeye aliniwahi. Akasimama mbele yangu, begi begani, akasema kwa ile sauti yake ya neno moja moja:

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri," nikasema. Mdomo umezoea.

Dereva akapiga honi. Sweta hakugeuka. Akalishusha begi chini, pale pale kwenye tope, akanitazama usoni, na kungoja.

"Ila?" akasema.

Miaka miwili watu wananiuliza kila asubuhi, na kila asubuhi najibu, na wanapita. Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia gari litakuacha.

"Ila nyumbani hakuna mtu, mwanangu," nikasema. "Tangu Mzee afe, hakuna mtu."

"Pole, mama," akasema, na hakuliokota begi lake mpaka nilipomaliza kulia.